Kipima kompresheni cha kufunga kwa nyuzi: tumekijaribu kwenye Peugeot 504 inayotoa moshi

504 ya petroli ikianza kutoa moshi wa bluu, yaani oili inaungua, jibu la haraka gereji ni "ringi za pistoni zimekwisha, tufanye ovahoo." Usikubali kabla ya kupima. Chukua kipima kompresheni, yaani kifaa cha kupima mgandamizo ndani ya silinda, chenye mpira mrefu unaofungwa kwenye tundu la plagi kwa nyuzi za milimita 14. Kile cha kushindilia kwa mkono kiache dukani: plagi za 504 zimezama ndani ya mashimo marefu, na koni yake huvujisha pembeni, ukasoma namba ya uongo.

Pasha injini moto, toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili. Msaidizi akanyage mafuta mpaka mwisho na apige stata hadi mshale uache kupanda, kama mapigo matano au sita. Andika kila namba. Tuseme umepata psi 150, 145, 95, 150. Tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye silinda ya tatu, upime tena. Ikipanda hadi 130, ringi au silivu (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) imelika. Ikibaki 95, tazama valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi, hasa kama moshi ni mweupe na maji ya rejeta yanapungua.

Silivu za 504 hutoka, kwa hiyo hubadilishwa pamoja na pistoni bila kuchonga bloku. Ila hedi ikishatolewa, usizungushe injini kabla ya kuzibana silivu. Zikiinuka, maji yatashuka kwenye oili.

Kipima hiki hakioni kila kitu. Kompresheni ikiwa nzuri lakini bluu inatoka kwa mkupuo unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, tatizo ni gaidi za valvu, yaani vijibomba vinavyoongoza valvu. Safisha pia mpira wa kupumulia wa injini. Mpira huo ukiziba, oili husukumwa mahali isipotakiwa. Na moshi mweupe usioeleweka, huku mafuta ya breki yakipungua na magurudumu yote makavu, unatoka kwenye breki. Chomoa mpira unaotoka manifoldi kwenda kwenye buster, kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki. Ukiwa umelowa ndani, masta silinda inavuja nyuma na injini inaunguza mafuta ya breki. Gari hilo lisitoke mpaka litengenezwe.

Udhaifu wa kifaa chenyewe uko kwenye kijivalvu cha ncha ya mpira. Kinafanana na cha tairi, na kikichoka wengi huweka cha tairi. Springi ya kijivalvu cha tairi ni ngumu zaidi, hivyo silinda zote husoma chini na injini nzima huonekana mbovu. Tafuta cha kipima hasa, na ununue viwili.