Jasi ya karanga: inunueni, ila maelezo ya mfukoni yaacheni

Nazalisha mbegu za karanga aina ya Pendo huku Masasi, kwenye udongo wa kichanga. Msimu huu nimetumia jasi ya unga, madini yenye kalsiamu, mfuko wa kilo 50 wa duka la pembejeo. Naipa nyota nne.

Kuna mistari niliyoiacha makusudi bila jasi. Nilipong'oa, ganda la mistari hiyo kwa nje linapendeza, ukilibonyeza linabonyea, ndani hamna kitu. Mengine yana punje, lakini ukiipasua unakuta kiini kimekuwa cheusi, na mbegu ya hivyo haioti vizuri. Upande wenye jasi maganda yamejaa, na kiini ni cheupe.

Kalsiamu hupanda na maji kutoka mizizini hadi kwenye majani, na ikifika huko hairudi chini. Ganda la karanga limefukiwa, halipotezi maji hewani, hivyo hunyonya lenyewe kalsiamu ya udongo unaolizunguka. Na kazi ya kalsiamu si kuimarisha kuta za seli tu. Ndani ya seli kalsiamu ni mjumbe. Ikiongezeka hunaswa na protini iitwayo kalmodulini, yenye nafasi 4 za kuishika. Kalmodulini hapo hubadilika umbo, ikazishika protini nyingine, zikiwemo zinazowasha na kuzima jeni. Kuna pia vimeng'enya vinavyoamshwa na kalsiamu yenyewe, navyo huzibandika protini hizo fosfeti. Ni mojawapo ya njia ambazo mbegu changa hupokea amri za kukua na kukomaa. Ndiyo maana sioni jasi kama mbolea ya ziada kwa mzalishaji wa mbegu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya mfuko. Haukuandikwa kiwango cha kalsiamu, wakati jasi safi ina takriban asilimia 23. Halafu unaelekeza kuchanganya na udongo wakati wa kupanda! Kwenye kichanga mvua inaishusha chini kabla vikonyo, vile vijiti vinavyotoka kwenye ua na kubeba ganda, havijazama ardhini. Mimi niliinyunyiza maua yalipoanza, baada ya palizi, pale pale kwenye shina ambako maganda hukaa. Ilikuwa na mabonge, nikaichekecha kwanza.

Muuzaji akikupa chokaa badala yake, kataa. Chokaa huyeyuka taratibu, na huwekwa kabla ya kupanda. Mwenye udongo wa mfinyanzi apime kwanza, huenda kalsiamu anayo ya kutosha.