Kulabu za sumaku kwenye chumba cha meli ya kitalii: zinafaa, ila soma uzito kwa makini

Familia ya watu wanne chumba kimoja, vitanda viwili vinashushwa kutoka darini usiku: sakafu haitoshi hata kwa ndala. Kuta za vyumba vingi vya meli ni za chuma, kwa hiyo kulabu za sumaku hunasa bila gundi wala msumari.

Tatizo ni ule uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Kilo 10 hupimwa kwa kuvuta sumaku moja kwa moja kutoka kwenye chuma. Ukutani mzigo huvuta kwenda chini, na kulabu huanza kuteleza mapema sana, pengine kwenye kilo 2 au 3. Kofia, kadi za mlango, nguo za kuogelea zilizokamuliwa: sawa. Begi la mgongoni, hapana. Chagua zenye mpira chini. Hazitelezi kirahisi wala hazikwaruzi rangi.

Mfuko wa viatu wa kuning'iniza ubebwe kwa kulabu nne, si mbili. Masanduku matupu yasukumwe uvunguni, dogo ndani ya kubwa.

Ekstensheni yenye kinga ya umeme iache nyumbani, kampuni nyingi huinyang'anya bandarini.