Darasa la Historia la Jumamosi Mwanza: Sheria Zilizowafungia Wachina Mlango

Mkazi wa Mwanza anayetaka kujifunza historia bila kukimbizana na mitihani atanufaika na darasa la Jumamosi linaloendeshwa katika ukumbi wa kukodi karibu na Barabara ya Makongoro, kwa ada ya shilingi 5,000 kwa kipindi. Mfululizo niliouhudhuria ulihusu sheria zilizowazuia Wachina kuhamia Marekani na makoloni ya Uingereza.

Ubora wake mkubwa ni kwamba mwalimu hufuata maandishi ya sheria zenyewe na kuonyesha namna moja ilivyozaa nyingine. Alianza na Sheria ya Page ya Marekani ya mwaka 1875, ambayo kwa maneno yake ilipinga ukahaba na kazi za kulazimishwa, lakini katika utekelezaji iliwazuia karibu wanawake wote wa Kichina, hivyo wanaume wengi waliokwisha kuingia wakaishi bila familia. Mwaka 1882 Rais Chester A. Arthur alitia saini sheria iliyosimamisha uingiaji wa vibarua wa Kichina kwa miaka 10 na kuwanyima Wachina uraia wa kuandikishwa. Kabla muda huo haujaisha, sheria ya mwaka 1888 ilibatilisha vyeti vya kurejea, na watu wapatao 20,000 waliokwenda kuwaona jamaa zao wakanyimwa ruhusa ya kurudi, baadhi wakiwa tayari safarini baharini. Mwaka 1892 ikaongezwa miaka 10 mingine pamoja na cheti cha ukaazi, na aliyekosa cheti alitakiwa kuleta shahidi Mzungu. Mwaka 1904 ukomo wa muda ukaondolewa kabisa. Katazo hilo lilifutwa mwaka 1943, Marekani na China zilipokuwa upande mmoja vitani dhidi ya Japani, na hata hapo nafasi zilizotolewa zilikuwa 105 tu kwa mwaka.

Kipindi kilichonigusa zaidi kilikuwa cha Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco, ambaye alizuiwa kushuka melini aliporudi kutoka China mwaka 1895. Alishtaki, na mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba ni raia kwa kuzaliwa. Mwalimu alisoma hoja za pande zote mbili kwa ukamilifu, akatuacha tujadiliane kabla ya kutaja hukumu; huo ni ufundishaji wa heshima.

Kanada, iliyowatoza Wachina waliotaka kuingia kodi ya kichwa kuanzia mwaka 1885, na Australia, iliyotumia mtihani wa imla (kuandika maneno yanayosomwa kwa lugha ya Ulaya) kuwakataa wahamiaji kuanzia mwaka 1901, zilipitiwa haraka lakini kwa usahihi. Kasoro ninayoiona kubwa ni kuachwa kwa Afrika. Mwaka 1904, wakati vibarua wa Kichina walipoanza kuletwa katika migodi ya dhahabu ya Transvaal, Afrika Kusini ya leo, kwa mikataba iliyowalazimu kurudi kwao, jirani yake Koloni la Rasi (Cape Colony) lilitunga sheria yake ya kuwazuia Wachina. Darasa la Kanda ya Ziwa, ambako dhahabu inachimbwa hadi leo, lisingepaswa kulipita jambo hilo.

Mfanyabiashara mmoja aliuliza kuhusu amri ya Julai 2025 iliyowakataza wasio raia kufanya baadhi ya biashara nchini, kama uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Mwalimu alijibu kwamba amri hiyo inataja aina za biashara na inawahusu wageni wa mataifa yote, ilhali sheria ya mwaka 1882 ilitaja watu wa taifa moja. Jibu ni sahihi, ila swali zito namna hiyo lilistahili kipindi kizima, hasa katika mji ambao wakazi wake wamefanya kazi bega kwa bega na Wachina katika ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi.

Vitini hutolewa kwa Kiingereza pekee, jambo linalowaumiza wazee wanaofuatilia kwa makini sana, na waandaaji wanapaswa kuvitafsiri kabla ya mfululizo ujao. Maandishi ya projekta pia hayasomeki kutoka nyuma, kwa hiyo ni vyema kufika mapema na kukaa viti vya mbele.