Uzoefu wangu: mpira wa kikapu wa vyuo kwenye TV kwa mtu wa zamu za usiku mwenye presha

Naishi Lexington, Kentucky. Ukienda dukani hapa hukosi kusikia Kiswahili cha Kongo, na kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili kila mtu anazungumzia kikapu. Timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Kentucky ina ubingwa wa taifa mara 8, wa mwisho mwaka 2012. Mimi nafanya kazi ghalani usiku, nina presha, na kliniki naenda mara kwa mara. Kwa maisha ya namna hii, sijapata burudani ya televisheni inayonifaa kama mechi za vyuo.

Sababu kubwa ni jinsi mechi inavyokatwa. Wanaume wanacheza vipindi 2 vya dakika 20. Katika kila kipindi, saa ikishuka chini ya dakika 16, kisha 12, 8 na 4, mpira ukisimama tu wanakwenda kwenye matangazo. Wengi wanalalamikia hayo matangazo, na kwa kweli yale ya kamari yamezidi. Lakini mimi nimeyapangia kazi. Nainuka, nakunywa maji, natembea mpaka jikoni na kurudi, naangalia maharage. Daktari wangu hapendi nikae kitako saa nzima, na mechi yenyewe inanisimamisha. Mapumziko ya katikati yananitosha kuzunguka mtaa wetu, kama hakuna barafu.

Kuhusu kupima presha nyumbani, nimejiwekea utaratibu: napima kabla mechi haijaanza. Unatakiwa utulie dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa nusu saa iliyotangulia. Utulivu huo hauwezi kupatikana Kentucky ikiwa nyuma kwa pointi mbili. Dakika mbili za mwisho zinaweza kuvutwa mpaka zikawa robo saa, kwa madhambi, mitupo huru na waamuzi kurudia picha kwenye skrini. Wakati huo kipimo kinabaki ndani ya droo.

Kilele ni Machi, mashindano ya taifa ya vyuo, timu 68. Alhamisi na Ijumaa za raundi ya kwanza mechi zinaanza mnamo saa sita mchana na kuendelea hadi usiku wa manane, 16 kila siku. Kwa sisi wa zamu ya usiku hiyo ni neema: ninapoamka mchana, mpira uko hewani. Na ukipoteza mara moja, umekwenda nyumbani. Ndiyo maana mikeka ya utabiri inachanika mapema. Mwaka 2018 UMBC, chuo cha Maryland kilichopangwa nafasi ya 16, ya mwisho katika kundi lake, waliwafunga Virginia wa nafasi ya kwanza 74 kwa 54. Mwaka 2024 sisi wenyewe tulitolewa na Oakland, chuo cha Michigan, 80 kwa 76, na kijana wao Jack Gohlke alituma mitupo 10 ya pointi tatu ikaingia. Mtaa mzima ulikuwa kimya asubuhi yake.

Iliyoniuma zaidi ni ya 2022, mbele ya Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa taifa msimu ule. Siku ile alifunga pointi 30 na kudaka mipira 16 iliyokosa kuingia, na bado tukafungwa katika muda wa nyongeza. Wakongomani wa hapa walimtazama kama mtoto wa nyumbani, nami nilielewa, maana ndivyo sisi Watanzania tulivyomtazama Hasheem Thabeet alipokuwa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) na kuifikisha timu yake kwenye nne za mwisho mwaka 2009. Kumwona mtu aliyekulia kwenye lugha yako akipigiwa makofi na uwanja mzima, raha yake haina bei.

Msiwaache wanawake. Fainali yao ya 2024, South Carolina dhidi ya Iowa ya Caitlin Clark, ilitazamwa na watu wengi kuliko ya wanaume mwaka huo, na ilistahili. Binti yangu ndiye aliyenivuta huko; sasa tunazitazama pamoja, tukitafuna karanga zisizo na chumvi badala ya chipsi.

Kuhusu gharama: antena ya kawaida inakupa kituo cha CBS bure, na ABC pia, ambako fainali ya wanawake imekuwa ikionyeshwa tangu 2023. Mashindano ya wanaume yamegawanywa kati ya CBS, TBS, TNT na truTV, na hizo tatu lazima ulipie. Fainali ya wanaume huwa CBS miaka isiyogawanyika kwa mbili na TBS miaka inayogawanyika, kwa hiyo angalia mwaka kabla ya kulipa. Mimi nalipia huduma ya kutazama TV kwa intaneti mwezi wa Machi tu, halafu nakata. Picha ni safi, ila inachelewa: jirani mwenye kebo anapiga kelele kabla sijauona mpira ukitoka mkononi. Jioni zenye mechi nyingi hukwama pia. Kwa hilo naondoa nyota moja. Nne nawapa kwa moyo wote. Na miadi ya kliniki ya mwezi huo naiomba iwe Jumatatu.