Bodi yangu iliungua: kwa nini niliishia kwenye B450M PRO-VDH MAX

Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi kwa kishindo baada ya dakika kama kumi, na kompyuta yangu ya kuhariri video za harusi haikuwaka tena. Ukibonyeza swichi, feni zinazunguka nusu halafu kimya. Nikaazima pawa saplai ya jirani, hali ileile. Fundi wangu wa Tabata akagusisha mita kwenye mosfeti, vile vipande vya kudhibiti umeme vilivyo karibu na prosesa, mita ikalia piii. "Hizi mbili zimepiga shoti. Nikizibadilisha itawaka, ila mwezi mzima sikuahidi, kaka." Alitaka elfu arobaini. Nina kazi za wateja mkononi, kwa hiyo nikaona bora nitafute bodi nyingine, yaani motherboard, ile sahani inayobeba prosesa na RAM.

Prosesa ilisalimika. Ni Ryzen 5 2600 ya AMD, ya mfululizo wa Ryzen za 2000, na fundi aliijaribu kwenye mashine nyingine ikawaka. Vizima vingine vilikuwa RAM vijiti vinne vya DDR4, kila kimoja GB 8, SSD ya M.2 na kadi ya grafiki. Bodi yoyote ningenunua ilipaswa kuvipokea vyote hivyo, la sivyo ningeanza kununua na vingine.

Kariakoo, duka la kwanza nililoingia, kijana alinitolea B550 mpya, boksi halijafunguliwa. "Bosi, wewe una AM4, hii ni AM4. Mama mmoja. Tena hii ni ya kisasa zaidi." AM4 ni jina la soketi, kile kitako inapokaa prosesa, na soketi kweli ni ileile, na prosesa yangu ingekaa humo bila kusukumwa. Lakini B550 zilitoka 2020, na upokeaji wake unaanzia Ryzen za 3000, 2600 haimo. Ningefika nyumbani na bodi nzima, prosesa nzima, na skrini nyeusi. Nilifungua tovuti ya mtengenezaji kwenye simu palepale kaunta, nikamwonyesha orodha ya prosesa zinazokubalika. Akaisoma, akacheka, akasema basi chukua A520, bei nafuu. A520 nayo ni ya 2020 na ugonjwa ni uleule.

Sikumlaumu sana. Ukitazama soketi peke yake, hakuna kinachokuonya.

Zilizonifaa zilikuwa za mfululizo wa 300 na 400: A320, B350, B450, X470. Hizi sasa unazipata zaidi zikiwa zimetumika. A320 nilizoziona siku hiyo zote zilikuwa na sloti mbili za RAM. Hapo ningebaki na GB 16 na vijiti viwili vya kuweka kwenye droo, wakati mradi mmoja wa harusi ya siku mbili unameza GB 25 bila aibu. X470 sikuiona hata moja.

Nikabaki na B450, na humo ndimo kichwa kilipouma kweli. Kampuni ya MSI peke yake wana B450M PRO-VDH, B450M PRO-VDH MAX na B450M PRO-M2 MAX. Wauzaji wanaziita zote "B450 ya MSI". PRO-M2 MAX niliipata kwa 180,000, nikashawishika, mpaka nilipohesabu sloti: mbili. PRO-VDH zote mbili, yenye MAX na isiyo na MAX, zina sloti nne, na ukiziweka pamoja mezani utadhani mapacha.

Tofauti niliyoilipia ni chipu ya BIOS, ile programu ya kwanza inayoiamsha bodi. PRO-VDH ya kwanza, ya 2018, ina chipu ya MB 16. MAX zilikuja 2019 na chipu ya MB 32. Kwa 2600 yangu leo, zote mbili zinafanya kazi sawasawa. Lakini AM4 imepokea prosesa nyingi mno, na kwenye chipu ndogo watengenezaji walilazimika kupunguza vitu kwenye BIOS ili prosesa mpya zienee. Mimi nina mpango wa kupanda kwenda Ryzen za 5000 zikishuka bei zaidi, na bodi hiihii inazipokea ukisasisha BIOS. Isiyo na MAX ilikuwa 195,000, yenye MAX 230,000. Nikatoa hiyo 35,000 ya juu.

Bodi iliyotumika usiinunue kwa picha ya WhatsApp. Nilimwomba muuzaji aiwashe mbele yangu kwa prosesa yangu na vijiti vyangu vyote vinne, kwa sababu sloti moja ya RAM inaweza kuwa imekufa na usijue mpaka uijaze. Nikaangalia pia kama kile kibati cha nyuma, cha kuzungushia matundu ya USB na HDMI, kimo kwenye boksi. Kisipokuwepo, kesi inabaki na tundu kubwa ambalo mjusi wa Dar es Salaam hahitaji kualikwa.

Kufunga ni kazi ya saa moja, ila kuna sehemu moja ya kushika pumzi, tena inakuja kabla hata ya siku ya kununua: kuitoa prosesa kwenye bodi ya zamani. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa, 1,331. Pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na feni ikikauka, feni inagandana na prosesa, na ukivuta juu kwa nguvu prosesa inachomoka ikiwa imenasa chini ya feni, na pini zinapinda. Kawaida unawasha mashine kwanza ipate moto pesti ilainike. Yangu ilikuwa maiti. Fundi aliagiza draya ya nywele ya dada yangu, akapuliza dakika tatu, kisha akawa anazungusha feni taratibu kushoto na kulia kama anayefungua kifuniko cha chupa ya asali. Ikaachia. Mimi nilikuwa nimeangalia pembeni.

Ilipowaka nyumbani, RAM zilikuwa zinasoma kasi ya 2133 wakati zimeandikwa 3200. Nikawasha A-XMP, mpangilio wa BIOS wa kuipa RAM kasi iliyoandikwa, skrini ikawa nyeusi. Nikazima, nikagusanisha pini za JBAT1 kwa bisibisi kurudisha BIOS mwanzo, nikapandisha kidogo kidogo. Imetulia kwenye 2666. Hilo silihesabii bodi: vijiti vinne ni mzigo mzito kwa Ryzen za 2000.

Windows ililalamika kwamba haitambui leseni, lakini kwa kuwa nilikuwa nimeiunganisha na akaunti yangu ya Microsoft, nikaingia kwenye kitatuzi, nikachagua kwamba nimebadilisha kifaa, ikakubali. Kama wewe bado hujaunganisha, fanya hivyo leo kabla bodi haijafa.

Nisichokipenda: sloti ya M.2 ni moja tu na Wi-Fi hakuna, kwa hiyo nimevuta waya kutoka sebuleni. Mwezi wa tatu sasa, nimeshatoa harusi sita na kitchen party mbili bila kuzimika. Bodi ya zamani fundi aliichukua kwa 20,000 kama spea, nami nikaongeza hela kidogo nikanunua UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika.