Lenzi ya sinema au lenzi ya picha za mnato?

Wapiga picha wengi wa Dar es Salaam wanaoingia kwenye filamu huulizana swali hili. Kwa bei na wepesi, lenzi ya picha za mnato inashinda bila ubishi, na kwa kuwa nyingi hujitafutia fokasi (ukali wa picha) zenyewe, humfaa anayerekodi harusi peke yake katika ukumbi wa Sinza.

Mambo hugeuka palipo na mwigizaji na msaidizi wa fokasi, yaani anayezungusha pete ya lenzi ili picha ibaki kali. Pete ya lenzi ya sinema ina meno ya gia na mara nyingi huzunguka nyuzi 270 au zaidi, na kwa kuwa alama zake za umbali hazihami, fokasi hurudi palepale kila tukio linaporudiwa. Mwanga wake hupimwa kwa T, yaani kiasi kinachopita kweli kwenye vioo, ilhali f, kipimo cha lenzi za picha za mnato, ni hesabu ya urefu wa fokasi kugawanywa kwa kipenyo cha tundu la kupitishia mwanga. Mwenye tamthilia na timu anaweza kukodi seti ya lenzi za sinema badala ya kununua.

Kwa utunzaji sioni mshindi: unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye zote mbili.