Uzoefu wangu na aptly: repo ya Debian kwa maabara ya shule isiyo na intaneti, Makete

Wakuu habari. Nimetumia aptly, programu ya kujitengenezea repo (ghala la programu) yako mwenyewe ya Debian, ule mfumo wa Linux, kwa muda sasa kupeleka programu kwenye maabara ya shule moja kule Makete, ambako intaneti ni ya kubahatisha, simu inashika mpaka usimame sehemu fulani ya uwanja, kwa hiyo kusema kila kompyuta ijidanlodie vitu vyake yenyewe sahau. Mimi nipo Mbeya mjini, naandaa kila kitu huku kwenye diski ya nje halafu napanda nayo gari kwa njia ya Isyonje na Kikondo. Baridi ya huko mnaijua.

Najua wengi mtasema si uweke tu apt-mirror, ile inayonakili repo ya Debian kama ilivyo. Sawa, ila apt-mirror ukiiambia main, yaani sehemu kuu ya repo, ya Debian 12 inakubebea main yote, na Debian 12 ina pakeji (programu zilizofungashwa) zaidi ya 64,000, humo kuna vitu vya wanaanga, vya wanabiolojia, sijui nini na nini, yaani ni kununua gunia zima la viazi wakati unataka chipsi sahani moja, na bando nalipia mimi. Aptly ina filta. Unaandika majina ya unavyovitaka tu, mimi nimeweka libreoffice, vlc, gcompris-qt na thonny, ukiongeza -filter-with-deps inatafuta yenyewe vyote ambavyo hizo programu zinavitegemea. Halafu ukipiga aptly mirror update, kabla haijaanza kushusha inakuandikia Download queue, faili ngapi na jumla megabaiti ngapi. Hapo ndo mimi nilipoipenda, maana nasoma namba, nakatisha kwa Ctrl-C, naenda kununua bando linalotosha, narudi. Kuna -download-limit pia kama mtandao mnatumia wengi na hutaki watu wakununie. Ila wekeni -max-tries, kwa sababu bila hivyo faili inajaribiwa mara moja tu na kwa mitandao yetu hii inayoyumba jioni utakesha.

Kwa nini nimeng'ang'ania Debian 12 wakati 13 imetoka tangu Agosti 2025? Mashine za pale nyingine ni za mtumba za zamani kabisa, biti 32, na Debian 13 imeachana na i386, yaani hiyo aina ya biti 32, kama mfumo kamili, haina tena keneli wala instola yake. Kwa hiyo nimeweka -architectures=i386,amd64, hiyo amd64 ni ya biti 64. Kudanlodi kunaongezeka kweli, ila pakeji za aina ya all, kama fonti na picha, zinashuka mara moja tu na zinatumika pande zote mbili.

Sasa makasoro. La kwanza ni funguo. Ukianza tu itakataa kutengeneza mirror (nakala ya repo) kwa sababu haina funguo za Debian za kuhakiki sahihi kwenye trustedkeys.gpg, angalau inakuonyesha komandi ya kuzivuta, na kama mashine yako yenyewe ni Debian unazichukua tu kwenye /usr/share/keyrings. Kisha ukitaka kupablishi, yaani kuitoa repo yako itumike, inabidi uwe na ufunguo wako mwenyewe wa GPG wa kuisainia, na nusu yake ya wazi uipeleke kwenye kila kompyuta ya wanafunzi. Wapo wanaoweka trusted=yes, kompyuta isihakiki sahihi, wakamaliza, mimi hapana, ile diski inapita mikononi mwa watu wengi.

La pili ndo lililoniudhi. Aptly kwa kawaida yake inafuata vile vya lazima tu, vya kupendekezwa, yaani Recommends, inaviacha. LibreOffice ikaingia vizuri, inafunguka, safi, halafu mwalimu wa TEHAMA akafungua mtihani wake alioandikia kwa Calibri akaniita, "Fundi, mbona mtihani wangu ulikuwa kurasa mbili sasa hivi ni tatu?" Fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, iko kwenye Recommends, kwa hiyo haikuwemo kwenye diski. Unaweza kuwasha dependencyFollowRecommends kwenye ~/.aptly.conf, nimejaribu, foleni ikavimba vibaya sana, nikaizima nikaongeza fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea kwenye filta kwa aptly mirror edit. Hii ingefaa iandikwe kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza wa maelekezo yao.

Diski ifomatiwe ext4 jamani, sio exFAT, maana aptly inapopablishi inatumia hadilinki (jina la pili la faili ileile) ili faili moja isikae mara mbili, na exFAT haina hadilinki.

Snapshoti ndo utamu wake mwingine. Kila safari nachukua snapshoti mpya, yaani picha ya repo ilivyo wakati huo, napablishi kwa publish switch, kikiharibika kitu narudisha ile ya zamani hapohapo maabara bila kuhitaji mtandao wowote. Kompyuta ya mwalimu ndo seva, ukipiga aptly serve inajibu kwenye porti 8080, mimi nimeweka nginx, programu ya seva ya wavuti, ili iwake yenyewe umeme ukirudi.

Jambo moja ambalo si kosa la aptly ila litawakuta: kompyuta za mtumba betri ya bodi, ile CR2032, mara nyingi imekufa, kwa hiyo ukiwasha inakwambia ni mwaka 2009, na apt, kisakinishi cha programu cha Debian, ikiona repo imesainiwa "kesho" inagoma, inaandika Release file is not valid yet. Rekebisha tarehe kwanza, au beba betri kadhaa mfukoni, bei yake si ya kutisha.

Na kama shule yako ina intaneti hata ya kusuasua, aptly ni kazi kubwa ya bure, weka apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja, porti 3142, kompyuta ya kwanza ikishusha kitu zilizobaki zinachukua kwake.